UZI: "Huyo anaongea kama Mganda." Sawa, na hiyo inathibitisha nini?

1/ Kila msimu wa siasa Busia na Malaba hii sentensi lazima isikike. Mtu anasimama kwenye baraza, anauliza kuhusu soko, basari ama barabara. Kabla hajamaliza, mtu wa nyuma anasema: "Huyo anaongea kama Mganda." Watu wanacheka, na swali linafia hapo. Leo tuichambue hii sentensi polepole, maana imebeba siasa nyingi kuliko inavyoonekana.

2/ Kanuni za hizi nyuzi mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukianza na "nyinyi wa ile kambi" kwenye majibu, nakupita tu. Na niseme mapema: mimi ni Mteso wa Malaba, upande wa Kenya. Hili jambo linanigusa, kwa hivyo nikiteleza nikosoeni.

3/ Tuanze na ramani. Kuna Busia mbili na Malaba mbili, moja kila upande wa mpaka. Upande wa Kenya zote ziko kaunti ya Busia. Kaunti ina maeneobunge saba: Teso North, Teso South, Nambale, Matayos, Butula, Funyula na Budalangi. Malaba iko Teso North. Upande wa Uganda, Malaba iko wilaya ya Tororo, na Busia yao ina wilaya yake ya jina hilohilo.

4/ Wateso wako pande zote mbili. Wasamia wako pande zote mbili. Halafu upande wetu kuna Wakhayo, Wamarachi na Wanyala, wote Waluhya kama Wasamia. Ongeza Wajaluo, Wabukusu, Wakikuyu, Wasomali, Wakamba, na madereva wa malori ya Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Hakuna kituo cha chai Malaba ambacho utasikia lafudhi moja.

5/ Sasa historia, kwa ufupi. Hadi 1902 hii Magharibi yetu yote, mpaka upande wa Naivasha, ilihesabiwa na Waingereza kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo wakauhamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Hakuna Mteso wala Msamia aliyehama nyumba. Ni mstari ndio uliohama.

6/ Shikilia hilo kidogo. Watu walewale, lugha ileile, babu mmoja, halafu mstari unapita katikati. Ukisema leo kwamba fulani ana "lafudhi ya ng'ambo," kwa Mteso ama Msamia hiyo ng'ambo ni kwa shangazi yake.

7/ Kingine: hilo neno "Mganda." Sisi Wakenya tunalitumia kwa raia yeyote wa Uganda. Lakini Waganda ni kabila moja, wa Buganda, mbali na mpaka huu. Mteso wa Tororo si Mganda. Msamia wa Busia ya Uganda si Mganda. Kwa hivyo mtu akisema "anaongea kama Mganda," muulize: Mganda yupi? Wa Kampala, ama jirani aliye hatua mia mbili kutoka hapa?

8/ Lafudhi inatoka wapi? Si uvivu wa ulimi, na haihusiani na akili. Mtoto hujifunza sauti za lugha ya nyumbani, halafu akifika kwenye lugha ya pili anatumia zile sauti alizo nazo. Kila lugha ina sauti ambazo nyingine haina.

9/ Mifano. Kiteso chenyewe hakina f, z wala h. Ndiyo maana mzee wetu anasema "sapari" na "sawadi." Kwenye Kibukusu na lahaja nyingine kadhaa za Kiluhya, g, d na j zinapatikana baada ya n tu. Kwa hivyo "ngoma" na "ndoto" zinatoka sawasawa, lakini gari linakuwa "kari" na dawa "tawa."

10/ Mjaluo hana sh kwenye lugha yake, shamba linakuwa "samba." Kiganda kina kanuni yake ya r na l: r hukaa baada ya e na i, kwingine ni l, kwa hivyo "balabala" si makosa ya kubahatisha, ni kanuni inafanya kazi. Na msee wa Nairobi anayedhani yeye hana lafudhi? Anayo kabisa. Nenda Lamu uulize maji, utaambiwa umetoka wapi kabla hujapewa glasi.

11/ Kwa hivyo lafudhi inasema kitu cha kweli: inasema ULIJIFUNZIA WAPI kuongea na ULIONGEA NA NANI ukiwa mdogo. Haisemi zaidi ya hapo. Haijui mama yako ana kitambulisho gani. Haijui umekaa hapa miaka mingapi. Tutarudi hapa.

12/ Na watu wa mpakani hawana lafudhi moja ya kudumu. Msikilize mama wa samaki pale Busia. Mteja wa Kenya akija, ni omena. Mteja wa Uganda akija, samaki walewale wanakuwa mukene. Mtanzania akipita, dagaa. Anabadilisha jina, bei, hela na sauti kwa dakika moja. Kwake lafudhi ni kifaa cha kazi kama ile mizani yake.

13/ Tena jina la biashara maarufu kuliko zote Afrika Mashariki limetoka hapahapa. Boda boda. Inavyosimuliwa sana, ni vijana wa baiskeli wa Busia waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, jinsi midomo yao ilivyolitamka. Leo msee wa Kampala na wa Nairobi wote wanasema "boda," na hakuna anayewacheka. Lafudhi ya mpakani ikishapata pesa inaitwa lugha.

14/ Je, wageni wengi wakija, lafudhi ya wenyeji inakufa? Si lazima. Kuna utafiti maarufu wa William Labov, uliochapishwa 1963, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani. Watalii walikuwa wanajaa kila kiangazi na kununua nyumba. Labov akakuta kwamba wenyeji waliokipenda sana kisiwa chao, hasa wavuvi, walikuwa wanaikaza lafudhi ya zamani kwenye vokali fulani. Vijana waliopanga kuhama hawakufanya hivyo.

15/ Maana yake: lafudhi pia ni msimamo. Ni namna ya kusema "mimi ni wa hapa" bila kuandika bango. Ukisikia kijana wa Teso South ambaye amesoma chuo anarudi nyumbani na kukaza Kiteso chake, si kwamba amesahau Kiswahili sanifu. Anachagua mahali pa kusimama. Hakuna ubaya hapo.

16/ Ubaya unaanza lafudhi inapotoka kuwa utambulisho na kuwa USHAHIDI. Kwenye siasa za mpakani inatumika kama ushahidi wa mambo matatu: kura, kazi na kitambulisho. Tuyapitie moja moja.

17/ KURA. Madai: "Wanaletwa watu kutoka Uganda kupiga kura." Hili ni dai zito na linastahili kuchunguzwa, kwa sababu likiwa kweli kura yangu na yako imeibwa. Lakini linachunguzwaje? Katiba, kifungu cha 83, inataka mpiga kura awe raia mtu mzima na ajiandikishe kituo kimoja tu. Hayo yanathibitishwa kwa kitambulisho ama pasipoti, alama za vidole na daftari la wapiga kura. Ukiwa na shaka, pinga jina lililo kwenye daftari. Huwezi kupinga sauti iliyo kwenye foleni.

18/ Kumbuka pia uraia wa Kenya haufuati hospitali uliyozaliwa. Kifungu cha 14: ukizaliwa na mama ama baba Mkenya, wewe ni raia wa kuzaliwa, hata kama ulizaliwa Tororo. Na tangu katiba ya 2010 raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Kwa hivyo kuna watu wana nchi mbili kihalali kabisa, na huku mpakani si ajabu.

19/ Nikubali jambo moja ili tusidanganyane. Kiswahili ni somo la lazima kwenye shule za msingi za Kenya, ilhali Uganda kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Mtu mwenye Kiswahili kizito sana huenda alisomea ng'ambo. Huenda. Lakini familia nyingi za upande wetu zimepeleka watoto shule za Uganda, na za kule zimeleta wao huku. Kusomea ng'ambo si kuwa raia wa ng'ambo.

20/ KAZI. Madai: "Wageni wamejaza kaunti, wamejaza soko." Hapa tutenganishe mambo mawili. Kazi za serikali ya kaunti zina sheria: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi kwenye kaunti. Kwa Busia, sisi Wateso ni miongoni mwa wanaolindwa na hiyo asilimia 30.

21/ Sasa angalia mchezo. Mwanasiasa akisema "kazi ziende kwa wenyeji" akiwa Matayos, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba Mteso si mwenyeji. Akisema sentensi ileile Malaba, msikilizaji anaelewa kwamba Mkhayo si mwenyeji. Akiisema mbele ya wote wawili, wote wanageuka kumwangalia mwenye duka aliyetoka Murang'a. Neno ni moja, mgeni anabadilika kulingana na nani yuko kwenye umati. Ndiyo maana wanalipenda.

22/ Soko nalo lina sheria nyingine. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000, ana utaratibu rahisi wa forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilifunguliwa rasmi 2018 kwa sababu hiyohiyo. Mama wa Uganda anayeuza ndizi huku baada ya kufuata utaratibu hajaiba nafasi ya mtu.

23/ KITAMBULISHO. Hapa ndipo lafudhi inauma. Kaunti za mpakani zimejua kwa miaka mingi ile kazi ya kupigwa msasa: ulikuwa ukiletwa mbele ya wazee na maafisa waseme kama wanakujua. Sababu yake inaeleweka, mpaka una njia za panya na nchi ina haki ya kujua raia wake. Swali ni walikuwa wanapima nini.

24/ Kisa cha nyumbani, na ofisi siitaji. Binamu zangu wawili, mama mmoja, baba mmoja, walipishana miaka miwili. Mkubwa alilelewa na nyanya huku kijijini. Mdogo alichukuliwa na mjomba akasomea Nairobi. Wote walienda kuomba kitambulisho wakiwa na karatasi zilezile za wazazi.

25/ Mkubwa akaambiwa na mzee mmoja: "Kijana, hebu sema zizi la mbuzi." Akajibu kwa heshima, "Sawa mzee," akasema. Zikatoka "sisi la mbusi." Watu wakacheka, akaambiwa alete kitambulisho cha babu. Babu alishakufa. Alirudi mara tatu kabla ya kukubaliwa, na ule mwaka alikosa kazi moja kwa sababu ya hiyo karatasi.

26/ Mdogo alifika na Sheng yake ya Eastlands, akasalimia "wazee mko poa," akaulizwa jina la baba na la chifu, akatoka siku hiyohiyo. Yule aliyekaa kijijini maisha yake yote ndiye alionekana mgeni. Yule aliyekuja kwa basi jana yake akaonekana Mkenya kamili.

27/ Hapo ndipo nataka mkae. Mtego wa lafudhi mpakani haumnasi mgeni kwanza. Unamnasa mwenyeji wa zamani zaidi, yule mwenye lugha ya nyumbani ndani ya mdomo wake. Anayetaka kudanganya kweli hujifunza Kiswahili cha mjini kwa miezi sita. Nyanya yako hatajifunza z akiwa na miaka sabini.

28/ Huu mtego ni wa zamani. Kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 12, Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi." Waefraimu walisema "Sibolethi," wakauawa. Tofauti ilikuwa sh na s tu, ileile tunayoichekea kwenye "samba." Na ilikuwa kwenye kivuko, kama hapa kwetu.

29/ Usiseme hayo ni ya kale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo jina lako na ulimi wako viliamua kama utapita. Wakenya maelfu walikimbilia Uganda kupitia hapahapa Malaba na Busia. Baadaye walihamishiwa kambi ya Mulanda huko Tororo, na wengine wakaishia Kiryandongo.

30/ Wengi wao walikuwa watu walioishi Magharibi na Bonde la Ufa miaka mingi, wana maduka, wana watoto shuleni. Huku walifukuzwa kama wageni, ng'ambo wakapokewa kama wageni. Ni watu wa upande wa pili, wale tunaowaita "Waganda" kwa dharau, waliowapa pa kulala. Ukitumia lafudhi kama silaha mpakani, kumbuka siku moja unaweza kuvuka na yako.

31/ Je, wenyeji hawana malalamiko ya kweli? Wanayo, na tusiyapuuze. Wateso Kenya nzima ni zaidi ya laki nne kidogo, ni jamii ndogo. Miaka ya 1990 walipata wilaya yao ya Teso, halafu ugatuzi ukawarudisha ndani ya kaunti moja na majirani walio wengi. Hofu ya kumezwa si ya kubuni.

32/ Lugha pia. Sera inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini mjini kwenye mchanganyiko shule zinaenda na Kiswahili na Kiingereza. Watoto wengi wa Malaba mjini wanaelewa Kiteso lakini wanajibu kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde lugha za jamii zote. Dai hilo ni halali. Lidai kwa vitabu, walimu na vipindi vya redio. Kumcheka anayesema "balabala" hakumfundishi mtoto yeyote Kiteso.

33/ Na wazee wetu hawakuwa wajinga kuhusu wageni. Waluhya wana neno omumenya, mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Hakuitwa mwenyeji kwa uongo, wala hakufukuzwa kwa lafudhi. Alikuwa na mwenyeji wake anayejulikana, makubaliano na wajibu. Waliuliza: nani anakujua, na unaishije na sisi? Hayo ni maswali bora kuliko "sema mbuzi."

34/ Kwa hivyo siku nyingine ukisikia hiyo sentensi kwenye mjadala, uliza maswali manne, kwa upole:
- Unazungumzia uraia, usajili wa kura, makazi ama kabila? Hivi ni vitu vinne tofauti.
- Ushahidi wako ni karatasi gani ama rekodi gani?
- Kipimo hicho kikitumika kwa nyanya yako, atapita?
- Na lile swali aliloliuliza huyo mtu, jibu lake ni gani?

35/ Hilo la nne ndilo muhimu zaidi. Kifungu cha 27 cha katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya lugha, kwa hivyo kisheria tuko sawa. Lakini kwenye baraza, hasara ya kwanza ni ile barabara ambayo haikujadiliwa kwa sababu aliyeiuliza aliita "balabala." Mashimo bado yako pale, na lori la Mkenya na la Mganda yote yanatumbukia.

36/ Binamu yangu mkubwa sasa ana kitambulisho na pikipiki. Anabeba abiria kutoka Malaba hii hadi mpakani na kurudi. Bado anasema "mbusi." Wateja wanafika.

Mwisho wa uzi. Wa mpakani, niambieni kwenye majibu: wewe uliambiwa utamke neno gani?